Kabla hujasugua: historia ya sufuria moja kutoka Bugendana

Sufuria ninayotaka kuwaeleza habari zake ni ya aluminiamu. Haina mfuniko, na ukingo wake umepinda upande mmoja. Ilinunuliwa sokoni Bugendana, mkoani Gitega, kabla mimi sijazaliwa. Imevuka mpaka wa Burundi na Tanzania mara tatu: mwaka 1996 ikiwa kichwani kwa mama, mwaka 2006 ndani ya lori la kurudi nyumbani, na mwaka 2015 ndani ya gunia, imejazwa nguo za watoto. Ukimpelekea mtu wa vyuma chakavu ataipima kwa kilo, akupe pesa isiyotosha hata chumvi ya mwezi. Kwetu ilikuwa hati. Ilikuwa na maandishi ya mkono wa baba. Mimi ndiye niliyeyafuta, kwa stilwaya, nikidhani nafanya usafi.

Naandika haya kwa sababu watu wengi hapa kambini wanafunga mizigo. Wengine wanarudi, wengine wanasubiri kuambiwa. Na mtu akifunga mizigo, kitu cha kwanza anachofanya ni kusugua vyombo ving'ae, asiende nyumbani na masizi akachekwa. Basi kabla hujasugua, nisikilize kidogo.

Wakati wa vyungu

Bibi yangu hakuwa na stilwaya, na hakuihitaji. Alipikia chungu, kile tunachokiita inkono. Kwetu Burundi vyungu vilifinyangwa na Watwa, ambao kazi yao hiyo ililisha familia zao na kupikisha nchi nzima, ingawa heshima waliyopewa haikulingana na kazi yenyewe. Chungu kipya hakikutumiwa hivi hivi. Kilipikiwa kwanza kitu kizito kama uji, ili vitundu vyake vidogo vizibe. Baada ya hapo kilioshwa kwa maji ya moto na kitu laini, kikafunikwa karibu na moto kikauke. Ukikisugua kwa kitu kikali unafungua vile vitundu tena, kinaanza kuvuja na kunuka chakula cha juzi. Kwa hiyo mwanamke mwenye kujua kazi alijulikana kwa chungu cheusi, kizito, chenye miaka mingi. Hakuna aliyesema chungu kile ni kichafu.

Vitu vya kusugulia vilikuwepo, lakini vilitoka shambani na jikoni. Angalieni hata maneno ya Kiswahili yenyewe. Msasa, ambao leo ni karatasi ya seremala, kwanza ni mti: majani yake yana mikwaruzo, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao. Dodoki, ambalo leo ni sponji ya dukani, kwanza ni tunda la mmea unaotambaa. Likikauka linabaki nyuzi. Watu wa pwani walitumia kumbi la nazi na mchanga. Sisi wa milimani tulitumia majani, mchanga wa mtoni na jivu. Kila kitu cha kusugulia kilikuwa na kiwango chake cha ukali, na mtoto wa kike alifundishwa kipi ni cha kibuyu, kipi ni cha mpini wa jembe, kipi hakigusi chungu kabisa.

Neno sufuria nalo lina safari yake. Limetokana na Kiarabu, neno la shaba, kwa sababu sufuria za kwanza pwani zilikuwa za shaba. Huku kwetu bara vyombo vya chuma vilikuja polepole. Misheni ya Mugera, ambayo iko Bugendana, ilianzishwa mwaka 1899. Wajerumani walijenga boma lao Gitega mwaka 1912, na tangu mwaka 1916 Wabelgiji wakashika nchi. Barabara, soko na duka la mfanyabiashara vilifuata nyayo hizo. Lakini hata wakati mama anaolewa, sufuria ilikuwa bado kitu cha kujivunia. Baba aliinunua kwa pesa ya kahawa.

Mapacha wawili

Aluminiamu ni chuma kipya duniani. Zamani ilikuwa ghali sana kwa sababu ni kazi ngumu kuitoa kwenye udongo wake. Mwaka 1886 watu wawili, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme. Bei ikaanguka. Kitu kilichokuwa karibu na dhahabu kikawa sufuria.

Tatizo likaja jikoni. Aluminiamu inashika masizi kwa nje, na kwa ndani inaingia weusi. Wanawake wa Marekani waliozoea vyombo vizito vya chuma walilalamika. Nyuzi za chuma, zile nyembamba kama nywele, zilikuwepo tayari kwenye karakana. Mafundi walizitumia kulainishia mbao. Ndipo wauzaji wa sufuria wakaziingiza jikoni. Mwaka 1913 huko New York ilianza biashara ya Brillo, nyuzi za chuma pamoja na sabuni. Mwaka 1917 huko San Francisco, Edwin Cox, mchuuzi aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba na sufuria za aluminiamu, alizilowesha nyuzi hizo kwenye sabuni na kuzitoa kama zawadi ili afunguliwe mlango. Zawadi ikauzika kuliko sufuria.

Ukiitazama historia hii vizuri, utaona kwamba stilwaya na sufuria ya aluminiamu ni mapacha. Mmoja alizaliwa kumhudumia mwenzake. Pamoja nao likazaliwa wazo ambalo bibi yangu hakulijua: kwamba chombo safi ni chombo kinachong'aa. Leo wazo hilo liko kila mahali. Mtu akipita kukagua usafi wa kambi anaangalia kichanja cha vyombo. Sufuria zikimeremeta juani, anaandika vizuri. Siwalaumu. Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Maandishi ya baba

Kwetu mlimani sufuria kubwa hazikuwa nyingi. Kukiwa na harusi au msiba, mtu anaazima ya jirani. Ili irudi kwa mwenyewe, kila mtu aliweka alama. Baba alichukua msumari akaandika ubavuni, chini ya ukingo, herufi mbili za jina lake. Kila alipopata mtoto aliongeza kistari kimoja chini ya zile herufi. Mpaka mwaka 1996 vistari vilikuwa vinne. Mimi nilikuwa cha kwanza.

Habari ya mwaka ule wengi wenu mnaijua, na kila mmoja anaijua kutoka upande wake. Tarehe 20 Julai 1996, katika kambi ya watu waliohamishwa makwao pale Bugendana, watu zaidi ya 300 waliuawa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Siku chache baadaye rais Sylvestre Ntibantunganya alipokuja kwenye maziko alipigwa mawe na waombolezaji. Tarehe 25 Julai jeshi likampindua, Pierre Buyoya akarudi madarakani. Katika milima ya kuzunguka pale, hofu haikuchagua nyumba. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitoka asubuhi moja kwenda kumtafuta ndugu yake, hakurudi. Mama akafunga maharage kwenye kitambaa, akaweka ndani ya sufuria, akaibeba kichwani, na mdogo wetu wa mwisho mgongoni.

Tulipita Karuzi, tukapita Muyinga, tukavuka kuingia Ngara. Mdogo wetu wa mwisho alishikwa na homa njiani akafa kabla ya kufika Muyinga. Tulimzika kando ya shamba la watu. Picha yake hatuna. Karatasi yake ya kuzaliwa ilibaki nyumbani, na nyumba ilichomwa. Tulipofika kambi ya Lukole tulikuwa watoto watatu, na sufuria yenye vistari vinne.

Lukole ndipo nilipokulia. Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa nauza kuni kidogo kidogo, na siku moja kwa pesa yangu mwenyewe nikanunua stilwaya sokoni. Ilikuwa ndogo, imefungwa kwenye karatasi. Sijui kama naweza kueleza furaha ile. Mtoto wa kambi hana vitu vingi anavyoweza kubadilisha kwa mikono yake. Kibanda si chako, chakula kinapimwa, shule ni chini ya turubai. Lakini sufuria nyeusi ukiisugua inageuka fedha, na ni wewe umefanya. Majirani wakasifu. Basi kila Jumamosi nilikwenda bombani na stilwaya na mchanga, nikasugua nje na ndani, kwa nguvu zote. Maji yalitoka ya kijivu. Nilidhani ule ni uchafu. Ilikuwa ni sufuria yenyewe inayoondoka.

Hivyo miezi ikapita. Siku moja mama alishika sufuria kuiazimisha kwenye msiba. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo, akaigeuza tena. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, vile vistari viko wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunipiga, hakusema lingine. Nafikiri angenipiga ningelisahau jambo hili mapema zaidi.

Kila chombo kina ngozi yake

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza mambo ya kusugua. Nimewauliza mafundi, walimu wa sayansi, wauguzi, na wanawake wenye vyombo vya miaka mingi. Haya ndiyo niliyokusanya. Yamfae anayeishi hapa, yamfae na anayekuja kutufundisha usafi.

Kwanza, ujue unashika nini. Sokoni kuna aina mbili, na zote tunaziita stilwaya. Moja ni ya nyuzi nyembamba kama pamba. Hii ni chuma cha kawaida, inashika kutu ukiiacha na maji. Viwandani huipanga kwa namba, kutoka sifuri nne, ambayo ni laini kabisa, mpaka 4, ambayo ni kali; ya kwetu huja bila namba, kwa hiyo ipime kwa vidole. Ya pili ni ya utepe uliojisokota. Hiyo kwa kawaida haishiki kutu, lakini inakwaruza zaidi.

Sufuria ya aluminiamu. Chuma hiki kikikutana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Weusi unaoingia ndani baada ya kuchemsha maji mengi si uchafu na hauna haja ya kupigwa vita. Sufuria iliyotoka kusuguliwa hutoa aluminiamu nyingi kwenye chakula kuliko iliyozoea moto, hasa ukipika vitu vichachu kama nyanya. Ukitaka weusi upungue, chemsha maji na ndimu au maganda yake, yatafanya kazi polepole bila kukwaruza. Na magadi tunayotia kwenye maharage yanaila aluminiamu. Weka kidogo, na usiache chakula kilale humo. Jivu nalo lina ukali wa aina hiyo. Ni zuri kwa kusugulia, lakini suuza mara moja, usilipake ukaliacha mpaka kesho.

Ukoko chini ya sufuria hauhitaji nguvu, unahitaji subira. Tia maji, rudisha kwenye makaa yanayozimika, acha, kisha kwangua kwa mwiko wa mti. Stilwaya ije mwisho kabisa, kwa mkono mwepesi, na upande wa nje tu.

Kuhusu masizi ya nje, mama zetu walikuwa na dawa kabla ya moto. Kabla hujateleka, paka sehemu ya chini kwa nje jivu lililoloweshwa, au udongo, au sabuni kidogo. Masizi yatashika kwenye ile paka. Ukimaliza kupika unaosha kwa kitambaa na yote yanatoka. Unaokoa sufuria, sabuni, na maji uliyopanga foleni kuyapata.

Sahani na vijiko vya chuma kisichoshika kutu. Stilwaya ya pamba ikisugua hapo inaacha vipande vidogo vya nyuzi, na hivyo ndivyo vinavyoshika kutu. Halafu tunasema sahani ni mbovu. Tumia kitambaa au wavu wa gunia la vitunguu. Bakuli na vikombe vya bati vilivyopakwa rangi ngumu, vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu, usiviguse kwa stilwaya hata kidogo. Mng'ao ukitoka haurudi, na chini yake kutu inaanza. Kikaango kisichogandisha ndiyo kabisa. Kwaruzo moja na kazi yake imekwisha.

Madumu na ndoo za maji. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mwezi Mei 2015 watu wetu walipokuwa wamejaa Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwakuta wakisubiri meli. Maelfu waliugua na zaidi ya 30 wakafa. Tangu hapo kila mtu anasugua dumu, na ni sawa. Lakini plastiki iliyokwaruzwa inatengeneza mifereji midogo, na humo ndimo utelezi na vijidudu vinapojificha, hata dawa ya maji haivifikii vizuri. Ndoo isuguliwe kwa kitambaa na sabuni. Dumu lenye mdomo mwembamba litikiswe na maji ya sabuni, lisuuzwe, kisha litiwe dawa ya klorini kwa kipimo walichosema wahudumu. Lisilosafishika tena libadilishwe. Sufuria inayong'aa haimlindi mtoto na kipindupindu. Maji safi na mikono iliyooshwa ndivyo vinavyomlinda.

Sufuria za kuyeyusha, zile nene zinazotengenezwa na mafundi wa mtaani kwa vyuma chakavu. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti uliopima vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania, na zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilionekana kuweza kutoa madini ya risasi kwa kiasi cha hatari. Chombo cha namna hiyo usikikwangue ndani ukapika nyanya. Kama una kingine, hicho kifanye cha kuchotea na kufulia.

Mwisho, usalama. Stilwaya iliyochakaa hukatika vipande. Kipande kikiingia kwenye ugali kinaweza kumchoma mtoto kooni. Ikianza kumeguka, itupe. Na ile ya pamba usiiweke pamoja na betri za tochi au redio: zikigusana inaweza kuwaka moto yenyewe, na sisi tunaishi chini ya nyasi na turubai.

Alama zilizobaki

Nikirudi kwenye sufuria yetu. Wiki ile ile pale Lukole, mama aliomba msumari kwa fundi wa jirani. Hakujua kusoma. Alichora vistari vinne mahali pale pale, virefu na vya kina kuliko vya kwanza. Herufi za baba hakuzigusa. Mimi nilikuwa darasani, nilijua kuziandika vizuri, na mama alinitazama kama anayengoja niombe msumari. Sikuomba. Mkono wangu si mkono wa baba. Mahali pale mpaka leo ni peupe.

Tulirudi Burundi mwaka 2006, tukalima tena Bugendana. Mama akafia kwake, kitandani kwake, na hilo nashukuru. Mwaka 2015 nikakimbia mara ya pili, sasa na watoto wangu, Nyarugusu kwanza, kisha tukahamishiwa hapa Nduta. Sufuria ninayo. Ndani naiosha kwa kitambaa. Nje naipaka jivu kabla ya kupika. Kwa sura ni ya aibu kidogo kwenye kichanja.

Sisi tuliokimbia mara mbili, na wazee wa mwaka 1972 kabla yetu, hatuna kabati la nyaraka. Wanahistoria watakuja kuuliza tuliishi vipi, na tutawaonyesha kadi za mgao. Lakini angalia vyombo vyako. Kuna sahani yenye jina la mlima. Kuna dumu lenye namba ya kibanda cha Mtabila, kambi ambayo ilifungwa mwaka 2012. Kuna sufuria iliyoandikwa jina la msichana siku ya kuolewa, na msichana mwenyewe hayupo tena.

Kwa hiyo dada, kaka, kabla ya kusugua ili uende nyumbani unang'aa, fanya jambo moja. Futa masizi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Igeuze sufuria kwenye mwanga, pitisha kidole chini ya ukingo na kwenye kitako. Ukikuta alama, weka karatasi juu yake na upitishe penseli ikiwa imelala, taratibu. Alama itatokea kwenye karatasi. Andika nyuma ni ya nani, ilitoka mlima gani, ilifika kambi ipi, mwaka gani. Penseli moja inatosha vibanda kumi. Nimeanza na majirani wa zoni yetu, na tayari nina karatasi kumi na saba.

Halafu sugua, ukitaka. Lakini ruka mahali pale.